Mashine ya Pumzi Iliyokaa Kabatini

Mwaka wangu wa kwanza kama muuguzi katika zahanati moja ya Kawangware, sikumuuliza mgonjwa hata mmoja kama anavuta sigara. Hilo bado linanikera, na wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Kulikuwa na fundi wa mbao, mzaliwa wa Kitui, aliyekuja kila mara na kikohozi kilekile. Tulimpima kifua kikuu mara tatu, hakuwa nacho. Tukampa dawa ya maji, tukamwambia ajikinge na vumbi. Pakiti ya sigara ilichungulia mfukoni mwa shati lake, na hakuna aliyeitaja.

Siku moja, nikitafuta glavu, nilikuta kabatini mashine ya kupima nguvu ya pumzi, bado imo kwenye nailoni. Nikamwendea msimamizi wetu.

"Hiyo inakula muda," alisema. "Foleni imefika kwa geti. Mvutaji anajua anachojifanyia."

"Anajua anakohoa. Hajui mapafu yamefika wapi."

"Sista, rudisha."

Sikurudisha. Fundi alipokuja tena, nilimketisha nikamwambia ajaze kifua hewa, aipulize yote kwa nguvu. Alipuliza mara tatu, mishipa ya shingo imemsimama. Tukampa dawa ya kuvuta kwa mdomo ya kufungua mapafu, tukangoja, akapuliza tena. Namba za mashine zilipanda kidogo tu.

Daktari alimweleza kwamba ni ugonjwa sugu wa mapafu, tena wa miaka mingi. Dawa ingemsaidia, lakini kilichoharibika hakingerudi.

Fundi alinigeukia mimi. "Sista, hii mashine mmeinunua lini?"

"Ilikuwapo, mzee."

"Hata mlipokuwa mkinipima TB?"

"Hata wakati huo."

Alisimama, akashika fremu ya mlango apate pumzi. "Mngeniuliza tu. Navuta tangu nikiwa kijana. Mngenionyesha hizo namba mapema, ningeacha."

Kuanzia siku hiyo nilimpima kila mvutaji niliyeweza, foleni ilalamike isilalamike. Msimamizi aliniandikia barua ya onyo. Niliisoma, nikaita mgonjwa aliyefuata.

Fundi ameacha sigara. Kupanda mapaa amewaachia wenzake. Yeye hupima na kuchora akiwa ameketi. Jumapili, akienda kanisani, husimama mara mbili njiani, na watu hudhani anawasubiri awasalimie.