Muulizeni Jirani

Kwetu Hagabro, huku kwenye misitu ya Småland, kusini mwa Uswidi, mtu kujisifu ni aibu kuliko kutoka nje na suruali iliyochanika. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: hilo tumelinyonya kwa mama zetu. Na ndilo nusura limponze Gunvor Hjelmqvist.

Gunvor alikuwa amekunja vyuma kiwandani miaka ishirini na miwili kabla ya kurudi shule. Sasa, na miaka yake hamsini na saba, alikuwa anaandika tasnifu ya udaktari kuhusu wajasiriamali wa mji wake. Aliufanya utafiti kwa njia mbili. Aligawa dodoso kwa karakana tisini na moja ili apate takwimu, halafu akawa anawatembelea wenyewe mmoja mmoja, wazungumze.

Takwimu zikatoka zimenuna. Swali la kumi na nne liliuliza kama katika miaka mitatu iliyopita wamebuni kitu chochote kipya. Themanini na tatu walijibu hapana. Msimamizi wake, Torkel, mtu mwema ila haoni mbele kwa majedwali, akamwambia mji umelala, aandike hivyo hivyo, na mahojiano ayaweke kando kwa kuwa yanapingana na namba. Gunvor alirudi nyumbani moyo unamuuma. Miaka mitano ya kazi, halafu aje aseme watu wake ni magogo? Hilo asingeliandika ng'o. Lakini bila namba, huo udaktari angepewa na nani?

Jumamosi akaenda kwa Sixten Rydell, jirani yake wa ua kwa ua, fundi wa vikapu vya waya. Kahawa ilikuwa tayari, na maandazi ya mdalasini, maana kwetu hakuna la maana linalosemwa kabla ya kahawa. Nyuma ya Sixten kulikuwa na mashine inayovuta waya, kuukunja na kuukata, yote ikiendeshwa na mnyororo wa baiskeli kuukuu. Gunvor hakuwahi kuona mashine kama ile popote.

"Hiyo umenunua wapi?"

"Nimeiunga mwenyewe. Mgongo ulikuwa unanisumbua."

"Sasa mbona kwenye dodoso umesema hujabuni kitu?"

Sixten akaiva masikio kwa haya. "Hii? Hapa nimejirahisishia kazi tu, Gunvor. Mtu wa kubuni ni Majken hapo ng'ambo ya barabara. Yule ana vitasa anavitengeneza kwa maranda ya mbao, havipasuki hata ukivipiga nyundo."

Nusu saa nzima akamsifu Majken, mdomo haumkauki. Na Gunvor, andazi mkononi, akakumbuka kwamba Majken naye alijibu hapana, kisha alipotembelewa akaimaliza kahawa yote akimsifu Sixten na mashine yake ya baiskeli! Wakati ule Gunvor alidhani ni porojo. Akacheka peke yake mpaka Sixten akamuuliza kama ni mzima. Mji haukuwa umelala hata kidogo. Yeye ndiye aliyemuuliza asiyestahili kuulizwa.

Akatuma dodoso jipya, lenye swali moja tu: jirani yako amebuni nini? Zilirudi nakala themanini na sita, nyingine zimebanwa na karatasi za ziada. Akapita karakana moja baada ya nyingine kuona kila kitu kwa macho yake, na safari hii namba na maneno vikakaa chungu kimoja. Torkel aliliangalia jedwali kwa muda mrefu, akakiri kwamba alikosea, akaomba kahawa nyingine.

Mwezi wa tano ikafika siku ya kuitetea tasnifu mbele ya watu, na nusu ya Hagabro ilikwenda. Mtahini alikuwa mama mpole. Mwishoni akamwomba Gunvor aseme kwa kifupi ni kitu gani kipya alichokileta katika elimu hii.

Gunvor akakohoa. Akaangalia viatu vyake.

"Si kitu kikubwa," akasema. "Nilibadilisha swali tu."

Torkel akajifunika uso. Lakini desturi inamruhusu yeyote aliyemo ukumbini kusema neno, na kule nyuma mzee mmoja akasimama, amevaa koti lake la misibani.

"Mimi ni jirani yake," akasema Sixten. "Niulizeni mimi."