Kibuyu cha Mwanaasha Mbele ya Hakimu

Temeke nzima ilinukia Mwanaasha. Si uongo! Mama huyu wa Kizaramo alichemsha mafuta ya nazi kwa karafuu na mlangilangi, akayatia chupani, na kila chupa akaibandika karatasi yenye picha ya kibuyu. Wanawake hawakuomba mafuta tena, walisema, "Nipe kibuyu."

Serikali ilipotoa sheria mpya, kwamba mwenye kuiga alama ya biashara ya mwenzake atafungwa, Mwanaasha alikuwa wa kwanza Temeke kwenda mjini kuandikisha yake katika kitabu cha serikali. Alirudi kifua mbele, mabega yanacheza. Aliposikia sokoni kuna vibuyu vya bandia, vinavunda kama samaki wa juzi, alikwenda polisi mwenyewe. "Mkamateni! Akaozee jela!"

Wakamkamata. Lo! Kumbe ni Kasimiri, Mnyamwezi wa nyumba ya pili, mtani wake.

Na utani wa Mzaramo na Mnyamwezi nani asiyeujua? Mtani akiingia uani kwako akabeba kuku, unacheka, kesho unambebea wake. Sasa umfunge mtani kwa kuchukua chako? Utauweka wapi uso wako? Siku ya kesi Mwanaasha akasimama mbele ya hakimu.

"Bwana Hakimu, mwacheni," alisema. "Ana ruhusa. Ni mtani wangu."

Hakimu, Mzungu mwenye masharubu, aliinua kichwa. "Watani wako ni wangapi?"

"Wanyamwezi wote, Bwana. Na Wasukuma wote."

Baraza zima likaangua kicheko. Askari wa mlangoni akajifuta machozi. Karani mwenye kitabu cha alama peke yake hakucheka. "Mama, kama wote hao wana ruhusa, kibuyu si chako tena. Tutakifuta kitabuni."

Mwanaasha akakitazama kibuyu chake kitabuni. Kazi yake yote ya miaka kumi! Akamtazama Kasimiri, jitu zima limejikunyata kizimbani. "Basi kifuteni."

"Wee mama, koma!" Kasimiri alipiga kelele. "Bwana Hakimu, mtani huchukua mchana kweupe, tena akakutukana juu yake. Mie nilizibandika karatasi zile nimefunga mlango kwa komeo. Huo si utani. Niliiba."

Kibuyu kikabaki kitabuni. Kasimiri akapewa siku saba za kufyeka majani ya bomani.

Siku ya kwanza tu Mwanaasha alimfuata na wali wa nazi na kuku, akaketi kivulini kumwangalia anavyotoka jasho.

"Fyeka, mla panya wee! Pale umeacha!"

"Nyamaza, Mzaramo mvivu! Leta chakula!"

Walicheka mpaka msimamizi akawafokea. Kisha Mwanaasha akafunua bakuli, akasema polepole, "Mwehu wewe. Nilishakupa kile kibuyu."

"Nilikusikia," alisema Kasimiri, akipangusa mikono kwenye kaptula. "Ndiyo maana nilishindwa kukichukua."

Mwanaasha akachukua paja la kuku, akalila lote mbele yake, akamwachia shingo.