Fourche Kumi na Nne

Éliézer Kabange alipoteza meno mawili ya mbele asubuhi ya siku ya nne ya safari, barabara ikiwa kavu na baiskeli yake ikiwa na umri wa wiki saba. Alikuwa akitoka Kinkondja na vikapu viwili vya samaki waliokaushwa kwa moshi. Mlima ulikuwa umekwisha. Kwenye mteremko mdogo unaoelekea kijitoni aliacha kusukuma, akaketi kwenye tandiko ili miguu ipumzike. Hakukimbiza. Alisikia mlio kama wa ukuni mkavu unaovunjwa gotini, gurudumu la mbele likaenda zake peke yake, naye akaenda uso kwa ardhi.

Wanawake wawili waliokuwa wakielekea shambani walimkuta ameketi katikati ya njia, damu inamchuruzika kidevuni, anaokota samaki mmoja mmoja. Walimfunga bega kwa kipande cha kitenge, wakamsihi aache samaki. Hakuacha. Alifika kwake Kamina juu ya magunia ya mihogo ndani ya lori, na samaki aliofika nao walikuwa nusu, tena wamejaa mchanga.

Kilichovunjika ni fourche, kile chuma chenye miguu miwili kinachoshika gurudumu la mbele. Ilikatika juu kabisa, kama shingo ya kuku.

Kabange alikuwa mtu wa miaka hamsini na miwili, mrefu, mkimya, mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya ya parokia. Kwa miaka ishirini na miwili aliifanya njia hiyo ya samaki kwa baiskeli moja nyeusi, nzito, aliyoachiwa na baba mkwe wake. Alibadilisha minyororo, mipira na pedali, lakini chuma chenyewe hakikumwangusha hata siku moja. Mwaka huu binti yake Lise aliolewa Luena, na Kabange akaona vema kumpa mkwe wake baiskeli hiyo, kijana aanze maisha nayo. Yeye alikuwa ameona nyingine katika magazini moja, duka kubwa karibu na gare, kituo cha treni: mpya, nyekundu, yenye mistari ya fedha, nyepesi kiasi cha kuinuliwa kwa mkono mmoja. Alifikiri wepesi huo ni rehema kwa mtu anayepanda milima.

Wiki moja baada ya kushonwa mdomo, aliitia ile fourche katika mfuko wa unga, akaenda magazini.

Nyuma ya kaunta alikuwa Tshimanga, karani, kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikono. Ndiye aliyemuuzia.

"Pole, Papa," Tshimanga alisema alipouona ule mdomo. Kisha akaona kilichotoka mfukoni, na uso wake ukajifunga. "Ulibeba muzigo mingi."

"Nilibeba samaki," Kabange alisema, akiiita baiskeli kinga kama watu wote wa Kamina. "Njo kazi ya kinga huku kwetu. Siku ya kununua nilikuambia, minyi nabebaka samaki. Weye ukasema hii kinga itabeba hata ng'ombe."

"Ile ilikuwa maneno ya kuuzisha, Papa."

Ukutani, juu ya kichwa chake, palikuwa na karatasi: Kintu kikitoka hapa hakirudi. Kabange naye akatoa karatasi yake, ile ya garanti ya miezi sita, akaikunjua taratibu. Tshimanga aliisoma kana kwamba hajawahi kuiona.

"Garanti iko ya cadre, ule mwili wa kinga, haiko ya fourche. Na wanaomba carton yenye kinga ilikuya ndani."

"Carton ulibakia nayo weye."

"Basi piga ku hii namba, Papa. Minyi hapa sina nguvu. Patron, mwenye magazini, iko Lubumbashi."

Kabange alipiga. Sauti ya mwanamke ilimsalimu kwa Kifaransa, ikamwambia abonyeze moja, kisha mbili. Muziki ukapigwa, laini ikakatika. Siku ya pili mtu wa kweli alipokea. Kabange alieleza yote tangu mwanzo, lakini tangu meno yatoke maneno yake yalipita na upepo, na yule mtu akamjibu kwamba hasikii vizuri, apige tena akiwa mahali penye mtandao. Alipopiga tena alikutana na muziki uleule.

Mkewe, Émerence, alikuwa akimtazama kutoka jikoni. Hakuwa mwanamke wa kukata tamaa upesi, ila alikuwa ameshazika pasi mbili na redio moja mwaka huohuo.

"Baba Lise, uache," alisema. "Bale bantu ukiwafwata, utazeekea ku mulango yao. Bintu ya siku hizi njo vile. Unanunua, unafurahi kidogo, unatupa."

Siku hiyo Kabange alifikiri huenda ana haki.

Kilichombadilisha ni safari ya kwenda kwa fundi wa baiskeli pale sokoni, kuuliza kama gurudumu linaweza kunyooshwa. Fundi alikuwa ameegemeza mwavuli wake kwenye rundo la vyuma chakavu, na katika rundo hilo Kabange aliona fourche tatu nyekundu zenye mistari ya fedha. Zote zimekatika palepale, shingoni.

"Hizi ni za nani?"

Fundi alizitazama bila haraka. Moja ilikuwa ya mwalimu wa shule ya msingi. Nyingine hakumbuki. Ya tatu ilikuwa ya mama mmoja aliyekuwa akitoka kliniki na mtoto mgongoni; mtoto alivunjika mkono.

"Unaona hivi, na hauambie muntu?"

"Nitaambia nani?" fundi akauliza. Hakuwa akibisha. Alikuwa akiuliza kweli.

Kabange alirudi nyumbani na swali hilo. Jioni, wakila, alimwambia mkewe: "Mama Lise, kama ingekuwa samaki tu, ningeacha. Lakini kuko bengine banabeba batoto ku hizi kinga. Na kwa magazini bangali banaziuzisha. Leo nilipita pale, niliona muntu anatoka na moja."

Émerence alimega ugali. "Basi bega yako ipone kwanza," alisema. Kisha, akimsogezea mboga, "Ama tafuta kazi yenye haiombe bega."

Kazi hiyo ilimchukua siku tisa. Mkono wa kushoto ukiwa umening'inizwa shingoni, Kabange alitembea kwa miguu kwa kila fundi wa baiskeli aliyemjua, wale wa sokoni, wale wa karibu na misheni, hata wale wa njia iendayo Base, kambi ya jeshi. Aliomba fourche nyekundu zilizovunjika na jina la mwenye nazo. Wengine walimpa bila neno. Mmoja alikuwa amekwisha kuipeleka yake kwa mhunzi. Mmoja alimcheka, akamwambia magazini ni ya watu wakubwa, atajiletea shida. Kabange alimshukuru, akarudi kwake kesho yake, na kesho kutwa, mpaka yule mtu akaichomoa chini ya benchi na kumtupia. Kwa kila moja alifunga kitambaa chenye jina la mwenyewe. Pamoja na yake zikawa kumi na nne.

Kisha akazipeleka kwa Philémon, mzee aliyetumia maisha yake yote ya kazi akichonga vyuma katika karakana ya reli. Philémon alibana moja katika jiliwa lake, akaipitishia msumeno. Chuma kilikatika kabla mzee hajaanza kupumua kwa nguvu. Akaokota kipande, akakiweka juani, akamwita Kabange asogee.

"Angalia. Iko mwembamba sawa mukebe ya maziwa. Na hapa penye walichomelea, soudure iligusa juu tu, haikuingia. Rangi njo ilikuwa inashikilia."

"Si kwa sababu ya muzigo?"

"Muzigo ilifanya ivunjike mbio. Bila muzigo ingevunjika pole pole. Lakini kuvunjika, ingevunjika tu. Ilizaliwa mugonjwa."

Jumamosi, siku ambayo watu wengi hushuka mjini, Kabange alizipanga zile fourche kumi na nne kwenye ukingo wa barabara, hatua tatu kutoka mlango wa magazini, na katikati yake akaweka ile iliyokatwa. Hakupiga kelele. Kila mtu aliyekuja kuangalia baiskeli, Kabange alimsalimu, akamwonyesha, akampa kipande akishike mwenyewe. Halafu akamwambia: "Sasa ingia, ununue kama unapenda."

Mwanamke wa kwanza alikuwa Mbelu, mke wa askari wa Base, aliyetaka baiskeli ya kupelekea mtoto wake shule. Alikibonyeza kile kipande kwa kidole gumba, chuma kikabonyea. Alisoma majina kwenye vitambaa, moja baada ya jingine, mpaka mwisho. Kisha akaingia magazini, na Kabange akamsikia akiuliza kwa sauti ya utulivu: "Kaka, hizi zako za ndani ziko tofauti na za yule papa wa inje?"

Mbelu alitoka bila baiskeli.

Kabla ya saa sita Tshimanga alikuja mlangoni na simu, sauti ya patron ikitoka wazi kutoka Lubumbashi. Patron alisema huu ni uharibifu wa biashara, kwamba ataita polisi, kwamba mtu mwenye lalamiko anapiga namba ya wateja.

"Niliipiga, Patron," Kabange alisema. "Sasa weye njo unanipigia. Ni muzuri. Tunaweza kuongea."

Patron alikata.

Polisi mmoja alikuja kweli. Alizitazama zile fourche, akamtazama Kabange mdomoni, akauliza kama amefunga njia. Kabange akamwonyesha kwamba mlango uko wazi. Polisi akamwambia asogee hatua mbili zaidi. Akasogea hatua mbili, akapanga upya.

Alirudi Jumamosi ya pili, mvua ikamnyeshea. Alirudi ya tatu, na safari hii Émerence alikuwa pamoja naye, ameketi juu ya dumu tupu, kikapu cha karanga miguuni, akiwaeleza wanawake wenzake kwa Kiluba yale ambayo mumewe aliyaeleza kwa Kiswahili.

Siku hiyo Tshimanga alifunga magazini mapema. Alitoka, akachuchumaa mbele ya zile fourche, akaanza kusoma majina. Alichukua muda.

Maisha yake hayakuwa mepesi. Wazazi wake walifika Kamina mwaka wa 1993 na treni ya Wakasai waliofukuzwa miji ya kusini na kurudishwa kwao, mama akiwa na mimba yake. Akajifungulia palepale gare, treni ikaondoka, wao wakabaki. Kazi ya kaunta aliipata baada ya miaka ya kubeba magunia, na ndiyo iliyolisha nyumba nzima.

"Papa," alisema hatimaye, "hizi kinga zote, minyi njo nilizifungaka. Kila kinga, kila vis na nati yake. Huyu mwalimu nilimufungia mwenyewe. Tulikuwa tunacheka."

"Haukujua," Kabange akasema.

"Ya kwanza sikujua. Ya weye, ulipokuya na mufuko, nilijua. Ilikuwa ya tano kuletwa hapa."

Hasira ilimpanda Kabange, kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Aliiacha ipite. "Basi sasa?" aliuliza.

Tshimanga alirudi ndani, akatoka na fourche mpya kutoka stoo, bado imefungwa nailoni. Wakaenda wote watatu kwa Philémon, na mzee akaikata mbele ya macho yao. Ilikuwa ileile.

Jumatatu karani alimwandikia patron barua. Alieleza alichokiona, akaandika majina kumi na manne, akasema kwamba yeye hatauza tena hata moja mpaka fourche zibadilishwe, na kama patron anataka kumfukuza, amfukuze kwa sababu hiyo na iandikwe. Akatia sahihi. Vile vipande viwili vya chuma alivifunga pamoja na barua, akavituma kwa treni. Kabange alimsindikiza mpaka gare.

Zilipita wiki tatu bila neno. Baiskeli nyekundu zilisimama ndani ya magazini, zimefungwa mnyororo, na Tshimanga aliuza misumari na sahani. Kisha likaja sanduku la mbao. Ndani yake mlikuwa na fourche nyeusi, nene, nzito mkononi, za kuwatosha wote kumi na wanne na baiskeli zilizobaki, pamoja na karatasi ya kusainiwa na kila anayepokea.

Walikuja wengi siku hiyo, mwalimu, mama wa kliniki na mtoto wake ambaye mkono ulikuwa umepona ukiwa umepinda kidogo, na wengine. Kabange aliombwa awe wa kwanza. Aliisoma karatasi yote. Katika mstari wa tatu iliandikwa kwamba mteja anakubali kuwa aliipakia baiskeli kupita kiasi, na kwamba magazini inamsaidia kwa hisani.

Aliweka kalamu chini.

"Hii sitasaini."

"Papa, fourche iko hapa, mbele yako," Tshimanga alisema kwa sauti ndogo. "Ni mustari moja tu."

"Niliona. Ule mustari unasema minyi njo nilijivunja meno. Unasema huyu mama alivunja mutoto wake. Fourche ninaihitaji, nimekaa miezi mbili bila kazi. Lakini na ule mustari, ibaki."

Mama wa kliniki naye akasema hatasaini. Mwalimu akasoma, akavua miwani, akasema vivyo hivyo. Hakuna aliyeondoka. Walisimama tu pale, kumi na zaidi, wakingoja.

Tshimanga alitazama simu yake iliyokuwa juu ya kaunta, lakini hakuichukua. Alichukua rula, akachora mstari ulionyooka juu ya yale maneno, akaandika pembeni jina lake na tarehe. Akafanya hivyo kwenye kila karatasi, zote kumi na nne. Ndipo Kabange akasaini.

Samaki waliomwagika hakuna aliyewalipa, wala meno. Patron hakuomba radhi. Alituma ujumbe mfupi tu kwamba jambo limekwisha. Tshimanga hakufukuzwa, ingawa kwa muda mrefu kila simu ilipolia alitazama kwanza namba. Pale ukutani ile karatasi ya Kintu kikitoka hapa hakirudi ilitolewa, na haijulikani ni nani aliyeitoa.

Kabange hakuifunga fourche yake siku hiyo. Aliipitisha kwanza kwa Philémon, ambaye aliikwaruza kwa tupa, akaigonga kwa nyundo karibu na sikio, akaigonga tena.

"Hii iko chuma," mzee alisema.

Jumanne asubuhi Émerence alimfungia mihogo ya kuchemsha na karanga za siku nne, akashika vikapu vitupu wakati mumewe akivifunga nyuma. "Urudi na meno yenye ilibakia," alimwambia. Kabange aliahidi kujaribu, akaegemeza bega lile lililopona kwenye usukani, akaanza kusukuma kuelekea Kinkondja.