Kikombe cha Maji ya Mukene

Niliwahi kunywa maji ya kuloweka mukene ili niweze kuinua lori. Leo mke wangu amewaloweka dagaa hao jikoni, na harufu imenifukuza hadi uani, mimi mzee ambaye kutoka ndani ni safari.

Nilipokuwa mtoto, jirani yetu ndiye aliyekuwa na televisheni, na watoto tulijazana kwenye mkeka wake mpya. Siku hiyo shujaa wa kipindi alikunywa maji ya kinamasi, misuli ikamvimba, akaenda kuinua lori lililopinduka.

"Wewe hata jerikeni linakushinda," dada yangu alinicheka.

Wakati wa matangazo nilikimbia kwetu. Mukene walikuwa kwenye beseni tangu asubuhi. Maji yalikuwa ya kijivu, mazito, na vijicho vya dagaa vikielea juu ya povu. Nilibana pua, nikamaliza kikombe kizima. Magamba yalinata kooni.

"Sasa nina nguvu kama yeye," nikawatangazia niliporudi.

Shujaa aliposhika lori kuwaokoa abiria, mimi nilitapika mkekani, vijicho vikitangulia. Wenzangu walitawanyika. Jirani alizima televisheni kabla hatujajua kama abiria walipona.

"Hizo nguvu zako," akaniambia, "ziokote zote umpelekee mama yako."