Salehe wa Pampu na Sauti ya Hamza

Ukifika mtaani kwao Kahama ukauliza nyumba ya Salehe, utaulizwa kwanza, Salehe yupi, wa pampu? Pampu ameziacha mwaka wa saba sasa. Mlangoni pake pana kibao cha studio ya picha alichokiandika kwa mkono wake, na ndani kuna kamera na kompyuta, lakini jina la pampu halikumtoka, na mwenyewe hakutaka limtoke.

Miaka tisa alikuwa Rwamgasa akitoa maji kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mvua ikinyesha duara hujaa, na hakuna anayeshuka mpaka Salehe awashe mashine yake. Mngurumo wa mashine ulimla sikio la kushoto likabaki la pambo tu. Akajizoeza kusikia kwa kiganja. Aliweka mkono juu ya pampu, akanyamaza kidogo, kisha akasema imevuta hewa, au imeshika maji sasa, na hakukosea.

Zamu ya pili ya pampu ile ilikuwa ya Hamza. Hamza alikuwa mtu mpole, mwenye kushika dini yake, ila maneno kwake yalikuwa adimu. Salamu aliitikia, sala hakukosa, akimaliza hapo amemaliza. Wachimbaji walimtania kwamba anaweka akiba ya maneno ya kwenda kujibia maswali kaburini. Hata binti yake, Shamimu, alisema utoto wake wote alimjua baba kwa mikono yake kuliko kwa sauti yake.

Mgongo wa Salehe ulipogoma, alirudi Kahama kwa mkewe, Mwahija, aliyekuwa akipamba maharusi. Wateja wa Mwahija kila mara waliuliza nani atawapiga video, basi Salehe akajifunza, na Mwenyezi Mungu akaitia baraka kazi ile. Shamimu alipoolewa, mpiga video hakuwa mwingine. Salehe alimbandikia Hamza kinasa sauti kidogo kwenye kola ya kanzu, na wazazi walipoitwa kutoa nasaha, watu walijiandaa kusikia neno moja na kuitikia amina. Hamza alisimama akasema robo saa nzima. Alimtaja mama yake Shamimu aliyefariki binti akiwa mdogo. Alieleza subira ni nini, na mvua moja ya Rwamgasa iliyomfundisha subira hiyo. Wanawake walijifuta machozi kwa ncha za mitandio.

Siku kumi na nane baadaye Hamza alianguka uwani akitawadha. Ilikuwa presha. Hakuamka tena.

Baada ya matanga Shamimu alikuja studio, akakaa kwenye kiti cha wateja kama mgeni.

"Baba mdogo," akasema, "video ya kuingia ukumbini na ya keki utanipa siku yoyote. Mimi nataka pale baba aliposema. Siku ya arobaini bibi analetwa, nataka amsikie mwanawe."

Bibi huyo alikuwa Bulyanhulu, miguu imemshinda, na harusini hakufika. Salehe akasema hilo halina neno.

Kumbe lina. Chumba cha studio kimeezekwa bati bila dari, na vumbi la Kahama halichagui dirisha. Kila Salehe alipoiambia kompyuta iunge picha na sauti itoe video kamili, ilikwenda dakika ya nane, ya tisa, kisha ikajizima. Akiweka kiganja ubavuni mwake, ilikuwa ya moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Feni alibadilisha mara mbili. Na kadi ya kamera na ya kinasa sauti alikwisha kuzifuta ili apige harusi nyingine, kama afanyavyo siku zote, kwa hiyo Hamza alibaki mahali pamoja tu, ndani ya kidiski chembamba kama kipande cha bazoka ya kutafuna kilichobanwa kwenye bodi ya kompyuta ile.

Mwahija alimwambia, "Baba Swaumu, si umpe hivyo hivyo kwenye flashi?"

Salehe akakataa. Picha ilikuwa na giza, na sauti ilikuwa haijaunganishwa na mdomo. Mtoto wa Hamza hapewi kitu kibichi, alisema. Kunakili tu kungechukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Ndipo akaona kwenye simu kwamba wako watu wanaopoza kompyuta kwa maji. Akaitazama video ile mara nne. Pampu, mpira, rejeta, kitangi: kila kitu alikijua kwa jina. Moyo wake ulichangamka kama wa mtu aliyekutana na jamaa ugenini. Akamwambia Mwahija kwamba mtu aliyekausha maduara ya Rwamgasa hawezi kushindwa na maji ya bilauri.

Vifaa vilikuja na basi kutoka Dar es Salaam, wiki ileile ya arobaini. Kipande cha shaba cha kukaa juu ya prosesa, pampu ndogo kama kopo la dawa ya viatu, kitangi, na mpira mweupe unaoonyesha ndani. Rejeta hakuagiza. Aliona ni kupoteza, akachukua ya hita ya gari kuukuu kwa fundi wa magari. Midomo yake ilikuwa myembamba kidogo kuliko mpira, akaikaza kwa vibano. Maji aliyotia ni yale ya betri, yasiyo makali.

Jumatatu alifunga kila kitu kwa namna alivyokuwa akifunga Rwamgasa. Kule pampu haikai chini. Unaijengea kichanja juu ya maji, ivute kutoka juu, maana maji yakipanda ghafla yataizamisha na kazi imekufa. Basi kitangi akakiweka chini kabisa, pampu akaifunga juu ya kasha la kompyuta, akasema Bismillahi, akawasha.

Maji yalipanda shubiri moja kwenye mpira, yakasimama. Mapovu yakacheza mahali pamoja. Salehe akaweka kiganja juu ya pampu akanyamaza. Hakusikia kitu. Alikuwa amezoea mashine zinazotikisa mifupa mpaka begani, na hii ilikuwa kama kuweka mkono juu ya paka aliyelala.

Akafanya alichojua. Akaifungua mdomo akainywesha maji kwa kijiko, kama wanavyoinywesha pampu iliyokauka machimboni. Ikaenda kidogo, ikakohoa, ikasimama. Akauvuta mpira kwa kinywa, akatema maji ya betri uwani huku Mwahija akimtazama. Akadhani kipande cha shaba kimeziba, akakifungua, akakipuliza, pumzi ikapita. Akaipuliza rejeta, ikapita. Akabadilisha mpira unaoingia uwe unaotoka. Jumanne yote ikaisha hivyo, na asubuhi ya Jumatano pia, na arobaini ilikuwa Jumapili.

Jumatano alasiri akakubali kumwita Donatus, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na stendi. Donatus alisimama mlangoni akaitazama ile meza yenye mipira na mataulo.

"Shikamoo mzee. Naona umehamishia duara mezani."

"Marahaba. Duara lingekuwa limekauka zamani."

Donatus akacheka, kisha akainama, akafuata mpira kwa kidole tangu mwanzo mpaka mwisho. Akamweleza bila kumdharau kwamba pampu hii ndogo haivuti, inasukuma tu, na maji lazima yaiangukie yenyewe kutoka juu. Kitangi kiende juu, pampu chini. Akamwonya asiwashe kompyuta kwanza. Aipe umeme pampu peke yake, atandike karatasi laini chini ya kila kiungo, aiache siku nzima. Karatasi ikiloa, kiungo hicho akikate akifunge upya. Akasema pia kwamba akitaka, akitoe kile kidiski ampe, video atamtolea kibandani kwake. Salehe akamshukuru, akasema hakuna haja, kosa limeshaonekana.

Alhamisi asubuhi maji yalizunguka. Aliliinamisha kasha kulia, akaliinamisha kushoto, mapovu yakatoka moja moja kupitia kitangi. Akaweka kiganja, na safari hii akasikia kitu chembamba, kama mshipa kwenye shingo ya mtoto mchanga. Alibaki hivyo kwa muda mrefu. Mwahija alidhani anasoma dua.

Alasiri karatasi moja ilikuwa imeloa, ile ya chini ya mdomo wa rejeta. Tone moja tu, labda mawili.

Machimboni kiungo kinachovuja si habari. Mpira wa pampu huvuja mahali kumi, na maji yanayovuja hurudi shimoni yalikotoka, na pampu huyatoa tena. Unachukua utepe wa tyubu ya baiskeli, unaufunga kwa nguvu mara saba, unaendelea na kazi. Salehe hakukata wala hakufunga upya. Alitoa utepe wa tyubu kwenye kisanduku chake cha zamani, kile alichotoka nacho Rwamgasa, akaufunga mara saba. Karatasi mpya ililala kavu mpaka asubuhi.

Lakini yale yalikuwa maji ya baridi. Kompyuta ilikuwa imezimwa.

Ijumaa saa nne akaiwasha. Joto lililokuwa likipanda mpaka tisini na nane likasimama hamsini na sita, likatulia hapo. Akamwita Mwahija aje aone namba. Akaanza kuitoa video. Dakika ya tisa ikapita. Ya kumi ikapita. Kwenye kioo Hamza alikuwa amesimama na kanzu yake, mdomo unatembea, na mstari wa kazi ulikuwa umefika nusu adhana ilipoita. Salehe akatawadha akaenda zake msikitini na moyo mwepesi. Siku hiyo alimwombea rafiki yake dua ndefu kuliko kawaida.

Aliporudi alisikia harufu kabla hajafika mlangoni. Kioo kilikuwa cheusi. Maji ya moto yalikuwa yameulainisha mpira chini ya utepe, na tone lilipotoka halikuangukia karatasi. Lilitambaa juu ya mpira, likafuata mteremko wake, likashukia kwenye bodi, na pale lilipotua ndipo kilipokuwa kidiski. Karatasi chini ya rejeta ilikuwa kavu kabisa. Pampu bado ilikuwa inazunguka.

Donatus alikuja asubuhi ya Jumamosi, akakitoa kidiski, akakikausha, akakijaribu kwenye mashine aliyokuja nayo, mara tatu, kisha akaenda kukijaribu kwenye nyingine na kurudi. Hakutania siku hiyo.

"Mzee, haikioni," akasema. "Ni kama hakuna kitu kilichochomekwa."

Mwahija hakusema neno juu ya flashi. Salehe alimngoja aseme, mchana wote alimngoja, na hakusema. Alimwekea chakula, akakitoa kikiwa kimepoa. Salehe akaifungua mipira akamwaga maji uwani. Hayakulowesha hata upana wa mkeka wa mtu mmoja.

Baada ya alasiri akavaa kanzu akaenda kwa Shamimu. Alimkuta barazani na ungo mapajani, akichagua mchele wa kesho. Bibi alikuwa ameshafika, amelala ndani. Salehe akaketi ukingoni mwa baraza akamweleza yote, tangu flashi aliyoikataa mpaka utepe wa tyubu, na hakujipunguzia kitu. Shamimu aliendelea kuchagua mchele mpaka Salehe alipomaliza kusema. Hakulia.

"Wewe umeyasikia maneno yake mara nyingi kuliko mtu yeyote," akasema. "Unayakumbuka?"

Ni kweli alikuwa ameyasikia. Tangu siku ile ya harusi ameyasikia labda mara ishirini, kwa sikio lake moja zima, akitafuta mahali pa kukata na kuunga. Akasema anayakumbuka. Akatazama chini, akaanza.

"Alisema, 'Mwanangu, mimi si mtu wa maneno, na leo nitasema yote...'"

"Hakusema mwanangu," Shamimu akamkatiza, taratibu. "Baba hajaniita mwanangu hata siku moja. Aliniita mayu."

Ni kweli. Mayu, ndivyo alivyosema, kama wazazi wa Kisukuma wanavyomwita binti kwa jina la mama, na watu walicheka kwa upole ukumbini. Salehe alikuwa amelisikia neno hilo mara ishirini, na limeshamtoka ndani ya siku moja. Akaanza tena kwa mayu. Akaenda sentensi mbili. Ya tatu ikamjia, lakini alipoisikiliza akaona maneno yamepangwa kama anavyopanga yeye, si kama alivyopanga Hamza, na hakujua tena lipi ni la nani. Akaweka kiganja juu ya goti lake akanyamaza, kama zamani juu ya mashine.

"Lile la mvua lilianzaje?" Shamimu akauliza.

Akasema ilikuwa ni mvua ya siku tatu. Au nne. Hamza aliitaja idadi, na hapo alinyoosha vidole.

Shamimu akauweka ungo kando, akaingia ndani, akatoka na daftari na kalamu.

"Andika yale uliyo na hakika nayo tu, baba mdogo. Nitamsomea bibi."

Salehe aliandika mpaka jua likaingia chini ya paa la baraza. Ukurasa ulikuwa na mistari minne, na mmoja kati ya hiyo aliurudia akaukata. Shamimu alipokea daftari akasoma kwa midomo bila sauti, akarudi juu akasoma tena. Kisha akauchana ukurasa ule, akaukunja mara mbili, akaufunga kwenye pindo la kanga yake, akavuta ungo mapajani akaendelea kuchagua mchele.