Tangawizi ya Guru na Simsim

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisiguse kitu mpaka nielekezwe, nami nikagusa. Kazi ilikuwa nyumbani kwa Mama Furaha, mkimbizi kutoka Bukavu aliyepanga vyumba viwili mtaa wa Bwaise na kupika tangawizi ya sukari, vile vipande vya kutafuna vinavyowasha ulimi. Alikuwa ametandaza vipande kwenye ungo, bado vya moto, akatoka kwenda kuteka maji. Mimi, kama mwanamke yeyote wa Kampala aonaye chakula cha moto, nikavifunika kwa jani la mgomba, kama tufanyavyo ndizi zetu za matoke. Aliporudi vilikuwa vimetoa jasho na sukari ya juu imeyeyuka yote.

"Weye, hii si matoke," aliniambia. "Tangawizi inataka upepo."

Hakunifukuza. Alivirudisha kwenye sufuria akaanza upya, nami nikatia akili kichwani.

Nilitafuta kazi kwa sababu ya chumba. Mume wangu alikuwa konstebo, tukikaa kwenye laini za polisi upande wa Wandegeya. Alipelekwa kazini nje ya mji, hakurudi, na kila niliyemuuliza alitazama pembeni. Enzi zile za utawala wa wanajeshi, ukizidi kuuliza unajitafutia makubwa. Nililia sana, sifichi. Kisha Afande O.C., mkuu wa kambi yetu, akaniita akanijulisha kwamba chumba ni cha askari, si cha mke wa askari asiyekuwepo. Mvua zikiisha nitoke na wanangu. Kurudi kwetu kaskazini kwa barabara zile zilizojaa vizuizi, na watoto mkononi? Nilikataa moyoni, ingawa mdomoni nilisema ndiyo afande, nikaenda kutafuta kazi ya kulipia chumba kingine.

Sasa sikilizeni kazi ilivyokuwa, ninyi mnaonunua pipi za karatasi. Unachagua tangawizi changa, kwa sababu ile iliyokomaa ina nyuzi zinazokwama menoni. Unaiparura ganda kwa kijiko, kisu kinakula nyama. Unakata vipande, unachemsha, unamwaga maji. Unachemsha tena, unamwaga tena, ili ukali upungue. Ndipo unaipika ndani ya shira, yaani maji na sukari, kwa moto mdogo wa sigiri, jiko letu la makaa, mpaka shira ikivutwa kati ya vidole viwili itoe uzi. Hapo unaepua, unatandaza, unagaagaza kwenye sukari kavu. Mama Furaha alinikataza kukoroga ovyo, maana shira ikisumbuliwa inageuka mchanga kabla ya wakati wake. Nilijifunza haraka. Baada ya muda alinipandisha cheo, akanituma kuuza sokoni Nakivubo, na wateja wakaanza kunijua kwa jina.

Mara sukari ikapotea. Wahindi wenye viwanda na maduka walikuwa wamefukuzwa, na waliokabidhiwa mali zao, wengi wao hawakujua hata kiwanda kinawashwaje. Sukari nyeupe ikawa ya kibali, ya wakubwa. Ukikutwa na mfuko wake nyumbani unaitwa mlanguzi, na walanguzi walikuwa wakipandishwa kwenye magari ya jeshi. Mama Furaha alifunga kazi, akaanza kufungasha vyombo arudi kwao. Mvua nazo zilikuwa zinakaribia kuisha.

Nikapiga moyo konde. Nilinunua sukari guru, isiyohitaji kibali, yale madonge meusi ambayo walevi wa Bwaise waliyajua kwa kutengenezea waragi, nikapikia chumbani kwangu. Ladha ilikuja nzuri, nzito kuliko ya sukari nyeupe. Lakini haikukauka. Guru inavuta unyevu, na hewa ya mvua ilikuwa na unyevu wa kutosha kijiji kizima. Vipande viling'ang'aniana vikawa bonge moja. Majirani kambini walicheka wakaniuliza kama naunda matofali. Nilikasirika, nikawaambia wangojee.

Jibu lilikuwa ndani ya kopo kwenye rafu yangu. Sisi wa kaskazini hatukosi simsim, yaani ufuta, nyumbani. Tunaikaanga, tunaisaga, tunaichanganya na asali. Nikaikaanga kavu mpaka ikaanza kurukaruka, kisha nikavigaagaza vipande humo vingali na joto, kimoja kimoja. Vikavaa simsim pande zote, na kila kimoja kikakaa peke yake. Nilicheka peke yangu mle chumbani mpaka mwanangu mkubwa akaja kuchungulia.

Harufu ndiyo iliyoniponza. Mtu akapeleka habari kwamba mke wa konstebo aliyepotea anaficha sukari, na mchana mmoja akaingia sajenti wa doria na askari wake. Walipindua godoro, wakamwaga unga wangu, wakachungulia hadi ndani ya viatu vya marehemu. Ndiyo, hapo ndipo nilipogundua kwamba moyoni nilikwisha kumwita marehemu. Sikukaa chini. Sajenti aliuliza sukari iko wapi, nikamwonyesha guru. Akachukua kipande kwenye ungo, akatafuna. Machozi yakamlenga, akakohoa, akachukua cha pili. Kisha akafunga ungo wote ndani ya kitambaa changu cha meza, akaondoka nao.

Kesho yake niliitwa ofisini kwa Afande O.C. Nilivaa gomesi yangu ya kanisani, kwa sababu kama ni kufukuzwa, nifukuzwe nikiwa nimependeza. Kitambaa changu kilikuwa mezani kwake, kitupu.

"Mama," alisema, "mimi nilikuambia utoke mvua ikiisha."

"Ndiyo, afande."

"Sasa ukitoka, hii kitu nani atapikia mesi?"

"Mwenye chumba, afande."

Akacheka mpaka kofia ikamwinama. Nikaandikishwa mpishi wa mesi, pale askari wanapolia chakula, siku ileile, na chumba kikawa changu kwa haki ya kazi yangu, si ya mume. Nilitoka pale nikakimbilia Bwaise, nikamkuta Mama Furaha amekaa juu ya mizigo. Nilimwambia afungue. Siku hiyo mimi ndiye niliyemwelekeza mwalimu wangu kukaanga simsim, naye akaniambia naiunguza.

Tulipika pamoja miaka yote iliyobaki ya utawala ule, mimi na mesi yangu, yeye na wateja wa Nakivubo. Leo nimestaafu, vidole vimekauka kwa ukali wa tangawizi, na watu huniuliza nilipata faida gani. Nawaambia hivi: wale wanajeshi walianguka, Afande O.C. akaondoka, wakaja maafande wengine na vyeo vingine, na wanangu bado walilala chini ya bati lile. Siku tuliyohama, tulihamia nyumba niliyoijenga mimi. Nilifagia chumba, nikawapungia majirani, nikatoka kwa miguu yangu, na hakuna aliyenitoa.