Achari ya Mama Mdogo

Kila ninapofungua chupa ya ndimu zilizolowekwa chumvi jikoni kwangu hapa Kisongo, harufu yake kali hunijaza mate mdomoni, nami nakumbuka mwaka ambao Bibi alikuja kukaa kwetu Sombetini.

Mama yangu alikuwa amefariki, na baba alikuwa ameoa mwanamke wa Tanga. Mimi nilimwita Mama Mdogo. Bibi, mama yake baba, alimwita "yule wa Tanga", hata akiwa amesimama mbele yake.

Babu alipofariki, baba alimchukua Bibi kutoka shambani kwake Meru, kwenye migomba na kahawa, ili asikae peke yake. Lakini Bibi hakula. Mama Mdogo alipika ndizi kwa nyama, akapika loshoro ya mahindi na maziwa mgando, akapika uji. Sahani zilirudi karibu kama zilivyokwenda. Mikono ya Bibi ikaanza kukonda hadi bangili yake ikawa inateleza mpaka kwenye kiwiko.

Ndipo Mama Mdogo akanunua ndimu. Alizipasua, akazishindilia chumvi, akazitia kwenye chupa pamoja na pilipili. Ilikuwa Julai, mawingu yamefunika mlima, na jua lilitoka kwa kuiba. Likichungulia nyuma ya nyumba, alikimbiza chupa huko ili ndimu ziive. Likihamia mlangoni, naye alihamia. Mimi nilicheka sana.

"Unaloweka nini hicho?" Bibi akauliza siku moja.

"Achari, mama."

"Hilo neno la kabila gani?"

"La kwetu Tanga, mama."

Bibi akaguna, akageukia ukutani.

Kesho yake tulikwenda mjini kununua bizari kwa mama mmoja wa Kihindi, mzee mwenye miwani minene. Mama Mdogo alipomwambia ni za achari, yule mama akafurahi. "Hilo neno letu! Wazee wetu walikuja nalo. Ila marehemu baba alikuwa akisema hata sisi tulilipata kwa Waajemi."

Mama Mdogo alilipa, tukaondoka. Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwa Bibi, akapiga goti. "Shikamoo, mama. Jana nilikudanganya bila kujua. Kumbe neno lile si la kwetu. Limetoka Uajemi, likapita Uhindini, ndipo likafika pwani."

"Na sasa liko Sombetini," Bibi akasema. "Haya, leta nionje."

Alionja kwa wali. Akakunja uso, akafumba jicho moja, kisha akachukua tonge la pili. Sahani ilipokwisha alinigeukia. "Mwambie mama yako aniongeze."

Nilikimbia jikoni kupeleka ujumbe kama ulivyo. Mama Mdogo aliacha kusonga ugali wetu sisi wengine. "Amesemaje?" Nikarudia. Akaniomba nirudie tena. Kisha akainamia sufuria, akasema moshi wa mkaa unamuuma macho.

Nilidhani anafurahia achari yake kupendwa. Miaka mingi baadaye, nilipoolewa mimi mwenyewe mbali na kwetu, ukweni wakaniuliza kabila langu kabla ya jina, ndipo nilipojua Bibi alikuwa akiuliza habari za nani siku ile aliposema "kabila gani", na kwa nini Mama Mdogo alitaka kusikia tena lile "mama yako" kule jikoni.